UZI: Kusafirisha kontena kwa meli bila kukwama forodha, kazi inaisha kabla hujafunga mlango

Sili_Imara (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Huu uzi nimeuahirisha sana ila jana kuna ndugu kanitumia ujumbe kontena lake limezuiwa na meli imeshaondoka, nikamuuliza ilikuwaje akanieleza, kumbe ni kilekile kilichonikuta mimi mwanzoni kabisa, nikaona hapana, leo naandika.

Mi nasafirisha samani za mbao, meza, viti, makabati, kwa kontena zima. Mambo nitakayosema hapa yanahusu yeyote anayetoa mzigo nje kwa bahari, ila mifano ntatoa ya samani maana ndo naijua vizuri.

Kontena langu la kwanza makaratasi yote yalisema katoni 212. Siku ya kupakia mnunuzi akapiga simu anaomba tumuwekee na vanishi kidogo ya kuzibia mikwaruzo, nikaona jambo dogo hilo, tukaongeza katoni mbili pale mwisho mlangoni, invoisi hakuna aliyeigusa, pakingi listi (orodha ya vilivyofungashwa) hakuna aliyeigusa, tukafunga tukapiga sili, ile kufuli ya mlangoni yenye namba. Tamko la forodha lilikuwa limeshafailiwa jana yake likisema 212. Mfumo ukatuchagua kwa ukaguzi, wakafungua mlango, kitu cha kwanza kuonekana ni zile katoni mbili. Na vanishi kwa sheria za bahari ni mzigo hatari, kimiminika kinachoshika moto, daraja la 3, namba yake UN 1263. Kwa hiyo kosa halikuwa moja, idadi haikuendana na tamko halafu kuna mzigo hatari ambao kampuni ya meli haikuambiwa. Maelezo yangu kwamba ni kidogo tu na ni zawadi ya mnunuzi hayakusaidia kitu, na sasa hivi nakubali kabisa hayakupaswa kusaidia. Mzigo ukashushwa wote, ukahesabiwa upya mmoja mmoja, meli ikaondoka, tukasukumwa meli inayofuata, na LC (barua ya benki ya mnunuzi ya kuahidi malipo) ikawa imeshapita tarehe ya mwisho ya kupakia, ikabidi nimuombe mnunuzi airekebishe, na yeye akaomba punguzo.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja na ndo sababu ya uzi huu: kufuata sheria za forodha hakufanyiki bandarini. Kunafanyika pale unapopakia, kabla mlango haujafungwa. Bandarini pale wanaangalia tu kama ulichosema na kilichomo ni kitu kimoja. Invoisi, pakingi listi, tamko, uzito uliotuma kwa meli, BL (hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli), cheti cha asili, na mzigo wenyewe, vyote viseme neno moja. Kikitofautiana kimoja tu, hata kama wewe ni mkweli, utaonekana unaficha.

Naendelea chini, msiogope kuuliza katikati.

Sili_Imara

Mtiririko wenyewe jinsi mi naufanya. Kwanza kabisa kabla hata ya kukubaliana bei na mnunuzi najua namba ya HS ya bidhaa (namba ambayo forodha inatumia kutambua aina ya bidhaa) na kama inahitaji kibali. Kibali kikishahitajika hicho ndo kinachoamua tarehe, meli haiamui. Watu wengi wanachukua buking, yaani nafasi ya meli, kwanza halafu ndo wanakimbizana na vibali, matokeo yake kontena limekaa kwenye yadi siku zinahesabika na karatasi haijatoka.

Halafu nachukua buking. Kwenye buking angalia tarehe tatu nne hivi, na hizi ndo zinaua watu kuliko sheria zenyewe: siku ya mwisho ya kutuma maelekezo ya BL, siku ya mwisho ya kutuma uzito uliothibitishwa, siku ya mwisho ya kontena kuingia bandarini, na siku ya mwisho forodha iwe imesharuhusu. Hazifanani. Siku ya meli kuondoka isahau kabisa, ukiipanga kazi yako kwa siku hiyo umechelewa, mi naandika ukutani ile tarehe ya mwanzo kuliko zote.

Kontena tupu likija usilipokee kwa kuangalia mlango tu. Kuna pande saba: chini kwenye chasisi, milango, ubavu wa kulia, wa kushoto, ukuta wa mbele, dari, sakafu. Ingia ndani mtu afunge milango, ukiona mwanga unaingia kuna tundu na maji ya chumvi yatapita hapohapo. Gonga ukuta wa mbele usikie kama kuna ukuta wa pili umetengenezwa, wanaosafirisha magendo hiyo ndo mbinu yao na wewe ndo jina lako liko kwenye tamko. Angalia ile sahani ya chuma ya usalama mlangoni, inatokana na mkataba wa kimataifa wa kontena salama wa 1972. Halafu namba ya kontena inakiliwe kwa mkono na kupigwa picha, herufi nne tarakimu sita na ile ya saba kwenye kiboksi. Hiyo ya saba inapatikana kwa hesabu ya zile za mbele, ndo maana ukikosea tarakimu moja mfumo mara nyingi unakukatalia hapohapo, na hiyo ni bahati yako.

kijana_mpya

Mkuu asante sana kwa uzi. Swali langu, namba ya HS ananipa nani? Mnunuzi wangu kanitumia namba yake ya tarakimu kumi anasema niweke hiyohiyo, wakala wangu wa forodha anasema ana namba yake nyingine ya tarakimu nane. Nimuamini nani

Sili_Imara

@kijana_mpya swali zuri sana. Namba ya HS ni ya shirika la forodha duniani, WCO, ilianza kutumika 1988, na tarakimu SITA za mwanzo ndo zinafanana dunia nzima. Zinazofuata kila nchi inaongeza zake. Kwa hiyo ya kwako kumi na ya wakala nane sio ugomvi, angalia sita za mwanzo tu. Zikifanana sawa. Zisipofanana hapo simama, usipakie, mmoja wenu anaita bidhaa kitu kingine.

Mfano samani. Watu wanadhani samani ni samani tu. Viti vyote, hata stuli na mabenchi, viko 9401. Meza, makabati, vitanda viko 9403, na humo ndani cha mbao cha chumbani ni 9403.50 na samani nyingine za mbao ambazo si za ofisi wala jikoni wala chumbani ni 9403.60. Kwenye viti cha fremu ya mbao chenye mto wa kushonewa ni 9401.61, kisicho na mto ni 9401.69. Ukipakia seti ya meza na viti sita ukaandika yote "samani za mbao" na namba moja umeshakosea mistari. Sanamu za mbao na vijisanduku vya mapambo wala sio sura ya 94, vinaenda 4420. Mi nilikuwa naandika kila kitu 9403 na ilipita mara mbili tatu, kupita hakumaanishi ni sahihi, wanaweza kurudi kukagua mafaili yako baada ya miaka.

Na toleo la HS linabadilika kila baada ya miaka kadhaa, la sasa ni la 2022, kwa hiyo usikopi namba kwenye invoisi ya zamani ukiwa umefumba macho. Nchi nyingi unaweza kuomba forodha wakupe uamuzi wa maandishi kabla hujasafirisha, kwamba bidhaa hii namba yake ni hii. Kama unasafirisha kitu kilekile kila mwezi, hiyo karatasi moja inakulindia biashara nzima.

Dada_Makaratasi

Nimefanya kazi upande wa uwakala wa forodha muda mrefu naomba nichangie hapa maana hili ndo kidonda chetu. Mteja anatuletea invoisi imeandikwa "bidhaa mbalimbali" au "mzigo wa jumla", tukimuuliza ni nini anasema andikeni tu nyinyi ndo mnajua. Kaka zangu dada zangu, sisi hatujui. Hatukuwepo unapakia. Tukiandika kwa kubahatisha tamko linabeba jina LAKO kama msafirishaji na wewe ndo unaulizwa, wakala hasimami badala yako kwenye ukweli wa mzigo, anasimama kwenye kuufikisha tu. Maelezo mazuri ni yale ambayo mtu ambaye hajauona mzigo akisoma anaweza kuuchora kichwani: ni nini, cha malighafi gani, kwa matumizi gani, kipya au kilichotumika, kiasi gani. "Meza za kulia za mbao ngumu, mpya, zisizounganishwa, vipande 40" imetosha.

Na siku hizi sio forodha ya nchi unayotoka tu inayosoma. Marekani tangu 2003 inasimamia kanuni ya saa 24, taarifa za manifesti (orodha ya mizigo ya meli) lazima zifike kwao saa 24 kabla kontena halijapandishwa melini huko lilikotoka, sio kabla ya kufika. Wakisema lisipakiwe, halipakiwi. Umoja wa Ulaya nao wana mfumo wao wa ICS2, nao unataka taarifa kabla ya kupakia na unataka ile HS ya tarakimu sita. Ukiandika maneno ya jumla mfumo unayakataa. Kwa hiyo laini ya meli ikikupigia kelele utume maelekezo ya BL mapema sio kwamba wanakusumbua, wao wenyewe wana saa inayowabana.

Sili_Imara

Dada umemaliza. Naongeza kwa wanaopeleka Marekani, kuna ile taarifa ya mzigo kwa forodha yao inaitwa kumi jumlisha mbili, inafanya kazi tangu 2009, mnunuzi ndo anaifaili ila taarifa nyingi ziko kwako: nani kaitengeneza, imepakiwa wapi kontenani, nani kaipakia, nchi ya asili, HS. Mpe mapema kwa maandishi, akichelewa yeye tatizo ni lenu wote wawili.

Paleti_na_Kamba

Wakuu mimi kilichoniumiza ni uzito. Niliandika uzito kwenye BL nikadhani ndo huohuo wa VGM, kontena likakataliwa getini. Naomba mtu aeleze vizuri kwa lugha nyepesi maana nimesoma mahali pengi sielewi

Sili_Imara

Kuna mizito mitatu na usiichanganye kabisa.

Uzito halisi wa bidhaa tupu bila katoni. Uzito jumla, bidhaa pamoja na katoni na paleti, huu ndo unaenda kwenye tamko na BL. Halafu VGM, uzito uliothibitishwa wa kontena likiwa limeshapakiwa, yaani bidhaa, katoni, paleti, mbao na mikanda ya kuzuilia mzigo usitembee, NA kontena lenyewe. Hii VGM ni sheria ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, tangu tarehe 1 Julai 2016, bila VGM kontena halipandi melini, hakuna cha kubembeleza.

Njia ni mbili tu. Ya kwanza unapima kontena zima likiwa limeshafungwa kwenye mizani iliyothibitishwa, kumbuka kutoa uzito wa lori na trela na mafuta. Ya pili unapima kila kitu kinachoingia halafu unajumlisha na uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni kwenye neno TARE. Mfano wangu wa juzi: katoni zote kilo 8,640, paleti kilo 220, mbao za kuzuilia kilo 90, kontena la futi 40 refu kilo 3,900. VGM yake kilo 12,850. Uzito jumla wa kwenye tamko na BL ni ule wa katoni na paleti, 8,860. Umeona tofauti? Mtu akichukua 8,860 akaituma kama VGM ameshaiambia meli kontena ni jepesi tani nne kuliko ukweli.

Na tafadhali usikadirie. Hii sheria haikuja kwa kupenda makaratasi. Januari 2007 meli ya MSC Napoli ilivunjika kwenye mkondo wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ikabidi ipelekwe makusudi pwani, wachunguzi walipopima kontena 660 zilizokuwa juu ya deki hazijaloa maji, 137 zilikuwa zimetofautiana na uzito uliotangazwa kwa zaidi ya tani 3. Mtu anayepanga kontena melini anaanza na namba uliyompa wewe, nzito anaiweka chini nyepesi juu. Ukimdanganya, mabaharia ndo wanalala juu ya huo uongo wako. Hili huwa linaniuma kweli.

Paleti_na_Kamba

Nimeelewa mkuu, kwa hiyo kosa langu lilikuwa kusahau kontena lenyewe. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwa namba.

Mbao_Ngumu

Wadau na mimi ni mtu wa mbao. Paleti zangu ni za mbao nimeambiwa zipigwe dawa, je na samani zenyewe? Na zile mbao za kukazia ndani?

Sili_Imara

@Mbao_Ngumu hapa wengi wanaanguka. Kanuni inaitwa ISPM 15, iko tangu 2002, inahusu vifungashio vya mbao ghafi, lengo ni wadudu wasisafiri. Paleti, kreti, NA zile mbao za kukazia ndani ya kontena. Zile za kukazia ndo watu wanazisahau, unanunua paleti nzuri zenye muhuri halafu mwisho kijana anaokota vipande vya mbao uani anagongelea, umeshaharibu kontena zima. Kule linakofika wanaweza kuamuru lirudishwe, lipigwe dawa au mbao ziteketezwe.

Tiba ya joto inayotumika sana ni kufikisha nyuzi 56 za Selsiasi kwenye kiini cha mbao kwa dakika 30 mfululizo, muhuri wake una herufi HT, na ile alama ya suke. Fyumigesheni ya methili bromaidi ni MB, ila wanaopokea wengine hawaitaki kwa hiyo mi natumia HT tu na kuacha mawazo. Mbao iliyokaushwa kwenye tanuri sio lazima iwe imefikia kiwango hicho, usikubali mtu akuambie "imekaushwa imetosha", tafuta muhuri. Plaiwudi haihusiki, na mbao nyembamba ya milimita 6 au chini ya hapo haihusiki.

Samani zenyewe ni bidhaa, ISPM 15 haizihusu. Ila nchi unakopeleka inaweza kutaka cheti cha afya ya mimea au cha fyumigesheni, muulize mnunuzi kwa maandishi kabla.

Halafu sikiliza hili maana wewe ni mtu wa mbao ngumu. Uliza mbao ni ya mti gani, kwa jina la kisayansi. Mpingo kwa mfano ni Dalbergia melanoxylon, na jamii yote ya Dalbergia imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017. Bila kibali cha CITES mara nyingi hutoki, na ukitoka unaweza kukamatiwa unakofika. Marekani nao walirekebisha Lacey Act, sheria yao ya kuzuia mimea na wanyama waliopatikana kiharamu, mwaka 2008, wanataka tamko la jina la mti na nchi ulikovunwa kwa bidhaa nyingi za mbao. Fundi akikwambia "hii ni mbao nyekundu tu" hiyo sio jibu.

Mbao_Ngumu

Duh, sikujua kabisa la mpingo. Nina vijisanduku vyake kwenye oda ya mwezi ujao. Navitoa kwanza nifuatilie kibali.

Shehena_Huru

Nauliza kuhusu bei kwenye invoisi. Mnunuzi wangu anataka niandike nusu ya bei ili alipe ushuru mdogo kwake. Kwangu ushuru wa kutoa hakuna kwa bidhaa hii, sasa nitapata hasara gani nikimsaidia?

Dada_Makaratasi

Ndugu yangu usifanye. Nakuambia kama dada. Tamko ni kauli ya kisheria, umeisaini wewe, ukiandika nusu umesema uongo kwa forodha yako hata kama hutozwi kitu. Pili fedha ikiingia benki kamili na tamko linasema nusu, hapo kuna maswali ya kutoroshea fedha. Tatu mzigo ukipata ajali baharini bima itaangalia karatasi gani? Kule kwake forodha inaanza na bei iliyolipwa kweli kwenye mauzo, huo ni mkataba wa WTO (shirika la biashara duniani) wa kuthamini mizigo, na wakiitilia shaka wanaweza kuomba ushahidi wa malipo na hata nakala ya tamko la kutoka kwako. Siku hizi forodha zinabadilishana taarifa. Nimeona mteja akifungiwa kwa ajili ya invoisi mbili, na mnunuzi aliyemuomba hakupokea tena simu.

Sili_Imara

Naunga mkono kila neno. Mnunuzi wa hivyo mi namwacha.

Ila kwenye bei kuna jambo jingine halali kabisa ambalo watu wanakosea, masharti ya mauzo, yaani vifupisho kama FOB vinavyosema nani anabeba gharama na hatari mpaka wapi. Karibu kila mtu anaandika FOB kwenye kontena kwa mazoea. FOB hatari inahama mzigo ukishakuwa juu ya meli, wakati kontena unaliacha kwenye yadi siku kadhaa kabla, likiungua pale yadi bado ni lako. Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za hivyo vifupisho, zenyewe zinaelekeza mzigo wa kontena utumie FCA, ambayo hatari inahama ukishamkabidhi mzigo msafirishaji, na toleo hilo limeongeza kipengele kwamba mnaweza kukubaliana mnunuzi amwagize msafirishaji akupe BL yenye maneno kwamba mzigo umepandishwa melini, kwa hiyo mtu wa LC nae hana kisingizio. Na EXW (mnunuzi anauchukulia mzigo kwako) kwa mauzo ya nje jiepushe, maana kwa EXW kazi ya kutoa mzigo forodha ni ya mnunuzi, mtu ambaye pengine hata hajasajiliwa kwenye nchi yako, mwisho wa siku unaifanya wewe kwa jina lako bila mkataba kukulinda. Bei kwenye invoisi iandikwe na sharti lake na mahali, FCA wapi, CIF (bei pamoja na bima na nauli) wapi, namba bila sharti forodha hawajui nauli imo au haimo.

kijana_mpya

Na mzigo hatari mkuu, mi nasafirisha taa zenye betri ndogo ndani, sio kemikali. Nazo natakiwa kutangaza?

Sili_Imara

Tangaza. Betri za lithiamu ni daraja la 9, na zile za lithiamu-ioni zikiwa ndani ya kifaa au pamoja nacho ni UN 3481, zikiwa peke yake UN 3480. Kuna nafuu kwa betri ndogo ila nafuu yenyewe ina masharti yake, na anayeamua ni kampuni ya meli ikishaona karatasi ya usalama ya bidhaa na cheti cha majaribio ya betri, sio wewe kimoyomoyo. Omba hivyo vyeti kwa kiwanda siku unayonunua, ukisubiri wiki ya kupakia hupati.

Orodha ya vitu ambavyo watu hawadhani ni hatari ni ndefu: rangi, vanishi, gundi, manukato, makopo ya kupulizia, mkaa, vitakasa vya mabwawa. Kwa bahari kitabu kinachotawala ni IMDG, kanuni za kimataifa za mzigo hatari melini. Unatakiwa fomu ya tamko la mzigo hatari, lebo kwenye katoni, vibandiko vikubwa nje ya kontena, na buking yenyewe iwe ya mzigo hatari tangu mwanzo. Mei 2021 meli ya X-Press Pearl ilishika moto karibu na Colombo, ilikuwa na kontena la asidi ya nitriki linavuja, pwani ya Sri Lanka ikajaa plastiki. Zile katoni zangu mbili za vanishi nikizikumbuka pamoja na hiyo meli napata baridi, kwa sababu mi niliziweka mlangoni kama mtu anavyoweka mwavuli.

Paleti_na_Kamba

Sili je? Forodha wakifungua wakapiga ya kwao inakuwaje, maana BL imeshaandikwa namba ya sili ya kwanza

Sili_Imara

Sili iwe ya usalama wa juu, ISO 17712, ina herufi H imechorwa. Piga wewe mwenyewe ukiwa umesimama pale, usimpe dereva aende nayo mfukoni. Picha tano mi napiga: kontena tupu ndani, likiwa nusu, likiwa limejaa, mlango mmoja umefungwa namba inaonekana, milango yote imefungwa na sili inasomeka.

Forodha wakifungua sili ya kwanza imekufa. Chukua namba ya mpya SIKU HIYOHIYO, omba karatasi ya ukaguzi, mtumie anayeandika BL arekebishe kabla haijatoka, na mpokeaji wako mwambie. Sili ya mlangoni ikiwa tofauti na ya kwenye BL kule mwisho wataanza upya yote uliyoyapita hapa, na mzigo ukikutwa pungufu hakuna atakayejua ulipungulia wapi.

Dada_Makaratasi

Na rasimu ya BL isomeni jamani kama mnavyosoma mkataba wa nyumba. Jina la mpokeaji herufi kwa herufi, idadi, uzito, namba ya kontena, sili. Kurekebisha rasimu ni barua pepe moja, kurekebisha baada ya meli kuondoka ni ada na barua na pengine manifesti kubadilishwa kule inakofika, na wenye LC benki inakataa hata kwa jina lililokosewa. Mkumbuke pia hati za LC kwa kanuni za UCP 600 zinatakiwa zifike benki ndani ya siku 21 tangu kupakia kama LC haijasema vingine, kwa hiyo kosa la BL linakula siku zako hizohizo.

Lingine ambalo wateja wanalisahau kabisa, meli ikiondoka kazi haijaisha. Fuatilieni uthibitisho kwamba mzigo umetoka nchini, tamko lifungwe kwenye mfumo. Bila huo uthibitisho marejesho ya kodi kama yapo hupati na kwenye rekodi mzigo wako bado unaonekana uko ndani. Faili litunzwe zima, na hizo picha za Sili_Imara humohumo.

kijana_mpya

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimekaa kimya wiki mbili. Nililinganisha HS kama mlivyosema, sita za mwanzo zilikuwa HAZIFANANI, mnunuzi alikuwa anaziita taa za meza, wakala kaandika taa za dari, mzigo wangu ni taa za meza kweli, wakala akarekebisha kabla ya kufaili. Cheti cha betri kiwanda walinizungusha siku tisa ndo wakakitoa, kwa hiyo buking ya kwanza nikaiachia mwenyewe mapema nikachukua ya meli iliyofuata. Jana tumepakia. Kijana mmoja kaja na katoni tatu za ziada anasema bosi mdogo kasema ziongezwe kuna nafasi mlangoni. Nimemwambia azirudishe stoo zitaenda na kontena lijalo zikiwa na invoisi yake. Katoni 380 kwenye pakingi listi, 380 tumehesabu watu wawili kila mmoja na karatasi yake, VGM nimetuma jioni. Kontena limeingia getini leo asubuhi na forodha wameruhusu saa nane mchana bila kulifungua.

Sili_Imara

Hongera sana mdogo wangu. Hebu angalia rasimu ya BL leo usiku kabla hujalala, na namba ya sili uisome kwenye picha, usiisome kwenye daftari.